Mwamkuzi wa Vivuli

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Saumu Kidege aliingia ukumbini kuwaamkia wabunge ambao hawakuwepo.

Walikuwa wameketi safu ya tatu na ya nne, upande wa madirisha. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani ni watu kamili. Ukikaribia uliona mwanga wa dirishani ukipenya kidogo mabegani mwao, kama unavyopenya kwenye pazia jepesi. Sheria iliwaita wahudhuriaji kwa nuru. Watu wa Kiloleni, mji wa Bunge, kuanzia Spika hadi wauza kahawa wa getini, waliwaita vivuli.

"Habari za asubuhi, Dada Eli," Saumu alisema.

"Usisogee, nimetapikiwa." Kivuli cha Eliwaza Mshana kilikuwa kimemweka mtoto mchanga begani na kinampigapiga mgongoni. "Huyu bibi mdogo amekesha anahutubia. Nimemwambia asubiri mpaka achaguliwe, hasikii."

Mtoto alicheua. Eliwaza alicheka, akatupa kitambaa pembeni, na kitambaa kikayeyuka hewani kwa sababu kilikuwa kimetoka nje ya mkeka. Mkeka wenyewe ulikuwa mbali sana, milimani kwa mama yake Eliwaza, umetandikwa chumbani karibu na kitanda cha mzazi. Kilichokaa juu yake kilionekana hapa. Kilichotoka nje yake hakikuonekana.

Saumu alibonyeza kitufe kwenye mkono wa kiti, taa ya kijani ikawaka. Maana yake ilikuwa moja: yupo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Sheria ya Vivuli ilipotungwa, ili mbunge aliyejifungua au aliyefiwa na mume asipoteze sauti yake, wanawake walikubali mkeka lakini hawakuiamini mitambo. Mtandao ulipoyumba, mtambo uliruhusiwa kujaza pengo kwa muda mfupi: ulikisia mbunge angesema nini, kutokana na yote aliyowahi kusema, ukalisema kwa sauti yake. Kupiga kura haukuruhusiwa. Ndipo mmoja wao akadai kila asubuhi awepo binadamu wa kuwaamkia, kwa hoja kwamba salamu haiwezi kughushiwa. Cheo cha mwamkuzi kikazaliwa hivyo.

Kivuli cha mwisho kilikuwa cha Mheshimiwa Shemsa Makame, mbunge wa Kisimajuu, mjane, aliyekuwa ndani ya eda ya mumewe.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante, tumeshapoa. Mguu wa mama yako vipi?"

"Anatembea sasa. Anakusalimu."

"Alhamdulillahi. Mwambie asiharakishe ngazi."

Hivyo ndivyo walivyozoea. Saumu alipenda kumalizia na kiti hiki. Jioni alimpigia mama yake simu na kumwambia Mheshimiwa amekuulizia tena, na mama yake alifurahi hata kuwasimulia majirani.

Kivuli kiliinua mkono kurekebisha ushungi. Mkono wa baibui ukateleza mpaka kwenye kiwiko.

Kiganjani palikuwa na hina. Maua mekundu yaliyokoza, yamezunguka kifundo, na kucha zote zimepakwa. Hina ya sikukuu, ya mtu aliyekaa kitako na kuwapa mikono wenzake wamchore huku wakipiga soga.

Saumu alisimama pale, kidole juu ya kitufe. Shangazi yake alipokaa eda alivua hadi pete ya ndoa. Manukato yaliondolewa chumbani, wanja ukafungiwa kabatini, na hata mafuta ya nywele yenye harufu alipewa jirani. Hakuna mjane wa Kisimajuu ambaye angepaka hina ndani ya eda, na kama angekuwepo, wifi zake wasingemwacha.

"Kuna jambo, mwanangu?" kivuli kiliuliza kwa upole.

"Hapana, mama."

Kengele ililia. Akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka.

*

Bi Tausi Ngwali, Mkurugenzi wa Vivuli, alikuwa ofisini akila mihogo ya kukaanga juu ya gazeti. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuzoea mikutano ya hadhara. Ndiye aliyempa Saumu kazi. Alimwambia siku ya usaili kwamba anataka mtu mwenye haya, kwa kuwa mtu mwenye haya husikiliza.

"Keti, ule. Una uso wa mtu aliyefukuzwa kwa mwenye nyumba."

Saumu aliketi kwenye ncha ya kiti. "Bi Tausi, mtandao wa Kisimajuu ukoje siku hizi?"

"Mzuri. Kwa nini?"

"Kivuli cha Mheshimiwa Shemsa. Nimeona... labda ni picha ya zamani imejazwa."

"Umeona nini?"

Alisita. Halafu, kwa kuwa hakuwahi kumficha Bi Tausi jambo, alisema: "Ana hina mikononi."

Bi Tausi aliendelea kutafuna, lakini polepole. Kisha alicheka. "Sasa umeanza kukagua kucha za waheshimiwa? Kesho utaniambia nani hajaoga."

"Yupo kwenye eda."

"Najua yupo kwenye eda, nilikuwa mazikoni." Alifuta vidole. "Mtandao umekatika dakika mbili, mtambo ukachukua picha ya Idi ukajaza. Basi. Sikiliza, mwanangu. Jumatatu kuna kura ya Muswada wa Nusu. Unajua sisi tumeusubiri tangu lini? Nilikuwa na umri wako tulipoomba robo ya viti, na wanaume wakatuuliza kama robo hiyo tutaipika na nazi. Leo tunaomba nusu, na kura zetu zinazidi kwa kiti kimoja tu. Kimoja. Taa moja nyekundu, yaani mwamkuzi akisema mmoja tu hayupo, sheria inasema vivuli vyote vizimwe mpaka uchunguzi uishe. Si Shemsa peke yake. Na Eliwaza na kichanga chake, na wale wote. Nusu inakufa, na vivuli havitawashwa tena. Wapo wanaume wanaomba hilo litokee."

"Nimeelewa."

"Umeelewa kweli au umeitikia?"

"Nimeelewa, Bi Tausi."

"Basi chukua muhogo."

Saumu alichukua. Alipotoka mlangoni aligeuka kidogo, akamwona Bi Tausi ameshanyanyua simu, bado hajaongea, anamtazama yeye aondoke kwanza.

*

Jumamosi alipanda treni ya asubuhi kwenda Kisimajuu. Alimwambia mwenzake wa bwenini anakwenda kwa mama yake, na njia nzima aliona haya kwa uongo huo, na kila abiria aliyemtazama mara mbili alimtilia shaka.

Nyumba ilikuwa nyuma ya msikiti, ina baraza la saruji. Mwanamke aliyefungua alikuwa na mkono mmoja umejaa unga.

"Mimi wifi yake. Unatoka serikalini?"

"Natoka Bungeni. Nimekuja kutoa pole."

"Wa Bungeni hawajaja tangu hitima." Alimpima kutoka miguuni hadi kichwani. "Vua viatu. Pita."

Shemsa Makame alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, amevaa gauni jeupe lililofuliwa mpaka likachuja. Alikuwa mwembamba kuliko kivuli chake. Mikono yake ilikuwa mapajani, mitupu, kucha zimekatwa fupi.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

Shemsa alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Aligeuza macho kuelekea mlangoni, ambako makubadhi ya kiume yalikuwa yamepangwa vizuri ukutani, na akabaki anayatazama. Feni ilizunguka. Saumu akaketi.



"Nani amekutuma?" Shemsa aliuliza hatimaye. "Tausi?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hivyo ndivyo angekufundisha useme. Zima simu. Iweke hapo, niione."

Saumu aliizima na kuiweka sakafuni kati yao.

"Mimi ni Saumu, mwamkuzi, mama. Ndiye ninayekuamkia kila asubuhi."

Mjane alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe? Basi mwezi wa pili huu unaniamkia na mimi sipo." Akanyoosha kidevu kuelekea kona. Mkeka wa Bunge ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa ukutani, na juu yake palianikwa taulo. "Huwa nakuitikiaje?"

"Vizuri. Unaniuliza mguu wa mama yangu."

"Mguu wake una nini?"

Saumu alihisi uso ukimchoma. "Ulivunjika. Umeshapona."

"Ahaa. Basi huko nina adabu kuliko hapa." Alikaribia kutabasamu. "Usilie. Sikuwa na maana mbaya."

"Silii, mama."

"Wiki ya kwanza nilikuwa nakaa. Siku moja kilio kikanishika katikati ya kikao, nikainuka, nikaenda uani. Niliporudi, kwenye runinga najikuta nimesimama, nahutubia habari ya maji. Wenzangu wananipigia meza. Nikakaa hapa hapa nikajisikiliza. Nilikuwa nasema vizuri, mwanangu. Yale yale niliyokuwa nikisema miaka yote. Nikajiambia, ngoja nione nani atagundua. Kesho yake sikukaa. Keshokutwa sikukaa. Hakuna aliyenipigia simu."

Wifi aliingia na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na vitumbua, akaviweka, akatoka bila neno. Mlango aliuacha wazi kidogo.

"Mbona hukusema?" Saumu aliuliza.

"Nilimwambia Tausi. Akanijibu, pumzika, una msiba, tutakubeba. Nilikuwa sina nguvu ya kubishana hata na paka. Kisha nikausoma Muswada wa Nusu hadi mwisho. Umeusoma?"

"Nimesikia ni nusu ya viti."

"Ni nusu ya viti. Na huko nyuma, mahali ambapo watu huwa wameshachoka kusoma, wameandika kwamba wabunge wa viti hivyo watahudhuria kwa nuru, ili kupunguza gharama za nyumba na safari. Siku zote, si kwa uzazi wala kwa eda. Nusu ya Bunge wanawake, na wote nyumbani, kila mmoja na mkeka. Akienda kisimani, mtambo unajaza. Akibadili mawazo, mtambo unamkumbuka alivyokuwa kabla hajabadili." Alichukua kitumbua, akakivunja, hakukila. "Nikampigia Tausi mara ya pili. Nikamwambia kura yangu ni hapana mpaka kifungu kile kitoke. Akasema tuchukue nusu kwanza, mengine tutarekebisha. Sijui kama anaamini hivyo. Nadhani anaamini. Siku ile ile akaacha kupokea simu zangu."

"Njoo Kiloleni, mama. Wakuone."

"Nimeuliza. Kwa dharura naruhusiwa kutoka mchana. Lakini nilale hapa, nyumbani kwa marehemu." Aliangalia makubadhi tena. "Kura hupigwa jioni, na hakuna treni ya kunirudisha. Miaka yote ya ndoa yetu nililala Kiloleni kuliko nilivyolala hapa. Siku hizi za eda zilizobaki sitazigusa. Wengine wataniona mjinga."

"Mimi sikuoni hivyo."

Shemsa alinyoosha mikono yake mitupu kwenye mwanga wa mlango. "Jumatatu nitaketi kwenye mkeka tangu alfajiri. Nitapiga kura yangu mwenyewe. Kwenye runinga nimekiona kivuli kina hina; hiyo ndiyo iliyokuleta, si ndiyo? Basi tazama mikono. Ukiiona hivi, ni mimi, washa taa yako. Ukiona maua, hujaniona."

Saumu alimwandikia namba yake ya simu, kisha akaitazama ile mikono muda mrefu, kila kovu na kila mshipa, kama mtu anayejifunza njia.

*

Jumatatu ukumbi ulijaa mapema. Watazamaji walibanana juu, na wapiga picha walikuwa wamezuia ngazi.

"Mdogo wangu, njoo uone," Eliwaza alimwita. Kivuli chake kilikuwa kimevaa kitenge kipya, na mtoto alikuwa amelala kwenye mbeleko. "Leo nasimama kwa mara ya kwanza. Nimemwomba Spika dakika tano. Usiku kucha sijalala kwa hotuba hii."

"Utasema nini?"

"Ukiambiwa sasa utasikiliza nini baadaye?" Eliwaza alicheka. "Niombee tu huyu asiamke."

Saumu aliwasha taa yake. Akaendelea na safu, kiti kwa kiti, hadi kiti cha mwisho.

Kivuli cha Shemsa Makame kilikuwa kimeweka mikono juu ya meza, imekunjuliwa kama ya mtu anayesubiri kuonyeshwa. Mitupu. Kucha fupi. Kovu dogo kwenye kidole gumba, mahali pake.

Furaha ilimjaa Saumu kifuani. Amekaa, aliwaza. Amekuja. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye kitufe.

Ndipo alipohisi anatazamwa. Bi Tausi alikuwa amesimama mlango wa pembeni, mikono nyuma. Hakuwa akikitazama kivuli. Alikuwa akimtazama yeye, kwa utulivu, kama anavyotazamwa mtoto aliyepewa dawa ili ihakikishwe kwamba amemeza.

Ana hina mikononi. Saumu aliyasikia maneno yake mwenyewe, na harufu ya mihogo. Yeye ndiye aliyesema. Siku nne zilitosha kabisa kufuta maua kwenye picha.

Aliiangalia tena ile mikono. Ingeweza kuwa ya mjane aliyeketi tangu alfajiri. Ingeweza kuwa kazi ya Bi Tausi. Hakukuwa na namna ya kujua kwa macho.

"Shikamoo, mama," alisema. "Pole na msiba."

Alijikuta anaomba kimya. Alikiomba kivuli kisijibu, kigeuze uso, kitafute makubadhi ukutani.

"Marahaba, mwanangu," kivuli kilisema, bila kusita. "Ahsante, tumeshapoa. Mguu wa mama yako vipi?"

Kengele ililia.

Siku za kura mwamkuzi hakuishia kwenye kitufe. Alisimama katikati, karibu na meza ya Katibu, na kila jina la kivuli liliposomwa alitamka neno moja kwa sauti, mbele ya Bunge zima, likaandikwa. Saumu alikuwa akiogopa jambo hilo tangu alipoajiriwa. Njiani kuelekea mezani Bi Tausi alitembea naye hatua chache.

"Umekwenda Kisimajuu," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa na hasira, alionekana amechoka. "Alikuambia habari ya kifungu. Ni kibaya, najua. Unadhani nilikipenda? Ndiyo bei waliyotaka. Utamnyamazisha Eliwaza leo? Mwenzio hajalala kwa hotuba ile. Yeye yupo, Saumu. Huyo yupo kabisa."

"Na Mheshimiwa Shemsa?"

"Shemsa amepigania nusu miaka kumi na miwili. Nimempa kura aliyoipigania. Ungemuuliza kabla ya msiba angekuambia vivyo hivyo."

Saumu alitaka kumjibu. Alitaka kusema kwamba hata wale wanaume wa nazi walidhani wanajua wake zao wangesema nini. Lakini Katibu alikuwa ameshaanza kusoma.

"Mheshimiwa Eliwaza Mshana."

"Yupo," Saumu alisema. Eliwaza alimkonyeza.

Majina yakaendelea. Yupo. Yupo. Kila alipotamka alimtazama anayemtaja, na kila mmoja alikuwa mtu: mmoja alikuwa akinyonyesha, mwingine amesinzia na kushtuka kwa jina lake. Alijua kila mmoja anachopoteza.

"Mheshimiwa Shemsa Makame."

Kivuli kiligeuka kumwelekea, kwa tabasamu la kumtia moyo. Lilikuwa tabasamu zuri. Katika majuma yote ya hofu na ugeni wa kazi hii, hakuna aliyewahi kumtabasamia hivyo.

"Mwamkuzi," Katibu alisema.

"Hayupo."

"Sema kwa sauti."

"Hayupo," Saumu alisema, na sauti yake ikafika hadi juu kwa watazamaji. "Nimemwona Jumamosi, nyumbani kwake. Aliyekaa pale si yeye."

Kwa kitambo kifupi hakuna kilichobadilika. Kisha taa za kijani zilianza kuzimika, moja baada ya nyingine, kutoka mwisho wa safu. Kivuli cha Shemsa kilikuwa bado kinatabasamu kilipotoweka. Eliwaza alikuwa amesimama na karatasi yake mkononi, mdomo wazi, anamtazama Saumu. Mtoto aliamka na kulia. Kilio kilikatwa katikati.

Safu ya tatu na ya nne zikabaki viti. Wabunge wengi hawakuwa wamewahi kuviona vikiwa vitupu, na kwa muda hata wale waliokuwa wameandaa kelele walisahau kuzipiga. Spika aliahirisha kura. Bi Tausi aliketi kwenye ngazi za wapiga picha, akajifunika uso kwa mtandio.

Saumu alitoka kwenye korido kabla hawajamfuata. Aliiwasha simu, ambayo ukumbini ilikatazwa kuwashwa, nayo ikalia papo hapo.

"Nilikaa," Shemsa Makame alisema. Alikuwa anahema. "Tangu alfajiri, sijainuka hata kunywa maji. Nimeita jina lako. Nimepiga kelele mpaka wifi akaja. Hamkunisikia?"

"Sikukusikia, mama," Saumu alisema. "Nilimsikia yule. Ndipo nikajua wewe hupo."

"Mikono?"

"Mikono walikuwa wamekwisha kuisafisha. Nilimwambia Bi Tausi habari ya hina, kabla sijaja kwako."

"Sasa umenijuaje?"

"Nilikupa pole. Akanijibu."

Upande wa pili hapakuja neno. Ilisikika feni, na mbali kidogo sufuria ikifunikwa, na pumzi ya mtu anayejaribu kuizuia isitoke kwa mkupuo. Kelele za ukumbini zilikuwa zimeanza sasa, na hatua za watu zilikuwa zinakuja koridoni. Saumu aliegemea ukuta, akaibana simu sikioni, akakiacha kile kimya kama kilivyo.